Mlango Uliofungwa kwa Ndani: Wito wa Kuzitafuta Riwaya za Upelelezi Tulizozisahau

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, hebu tuanze kwa kisa cha kubuni. Kuna nyumba moja ya udongo huku Tongaren, si mbali na soko la Naitiri. Ina mlango mmoja na dirisha moja dogo. Kunapambazuka, majirani wanabisha hodi, hakuna anayeitika. Wanausukuma mlango, haufunguki. Umetiwa komeo kwa ndani. Wanapouvunja wanamkuta mwenye nyumba sakafuni, amekufa, ana jeraha kisogoni. Silaha haionekani. Ndani hamna mtu mwingine. Aliyemuua alitoka vipi?

Kabla hujaendelea kusoma, jiulize ni jibu gani litakalotolewa kwanza pale uani, hata kabla polisi hawajafika. Wewe na mimi tunalijua. Atatokea mtu wa kusema kwamba kifo hicho si cha kawaida, kwamba kuna uchawi ndani yake, na kabla ya jua kutua jina la mtu litakuwa limekwisha kutajwa. Aghalabu jina hilo ni la ajuza anayeishi peke yake.

Makala haya yanahusu hadithi zinazolikataa jibu hilo la haraka. Wahakiki wa nchi za Magharibi huziita hadithi za chumba kilichofungwa. Dai letu ni kwamba fasihi ya Kiswahili inayo hadithi ya namna hiyo kwa sura yake yenyewe, hasa katika riwaya za upelelezi zilizoanza kuchapishwa mwaka 1960, na kwamba riwaya hizo zina somo ambalo mwanafunzi wa sekondari hulikosa anaposomeshwa vitabu teule peke yake. Somo lenyewe limo katika swali fupi: unajuaje?

Kisa cha chumba kilichofungwa ni nini?

Kwa muhtasari, kisa cha chumba kilichofungwa kina sifa nne. Kwanza, pana mahali palipofungwa, pawe chumba, hekalu au kisima. Pili, mahali hapo pametendeka jambo ambalo kwa akili ya kawaida haliwezekani. Tatu, ufumbuzi hauna budi kuwa wa ulimwengu huu huu. Haruhusiwi jini kupita ukutani. Nne, msomaji amekwisha kupewa vidokezo vya kutosha, ingawa vimefichwa mbele ya macho yake.

Mmarekani Edgar Allan Poe ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa utanzu huu kwa hadithi yake ya mwaka 1841, The Murders in the Rue Morgue. Humo mama na bintiye wanauawa katika nyumba ya ghorofa mjini Paris, na chumba kimefungwa kwa ndani. Israel Zangwill alifuata mwaka 1892 kwa kisa cha mtu aliyekatwa koo katika chumba chenye komeo mtaani Bow, London. Mfaransa Gaston Leroux akatoa mwaka 1907 kisa cha chumba cha manjano ambacho mshambulizi anatoweka humo kama moshi. John Dickson Carr naye, katika riwaya yake ya mwaka 1935, The Hollow Man, anaisimamisha hadithi katika sura ya 17 ili mhusika wake, Dkt. Fell, atoe mhadhara juu ya njia zote anazoweza kuzitumia muuaji wa namna hii.

Hivyo ndivyo vilivyopata umaarufu. Hata hivyo, vilivyo vingi vimesahaulika. Mhakiki Robert Adey alitoa orodha ya visa hivi mwaka 1979, akaipanua mwaka 1991 hadi ikapita visa 2,000. Wako wasomaji huko Ulaya na Marekani wanaoizunguka dunia kwenye maduka ya vitabu vikuukuu wakiitafuta riwaya moja iliyochapishwa mara moja tu. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba Adey aliyaweka majibu katika sehemu yake ya peke yake nyuma ya kitabu. Anayetaka kujua jibu bila kuisoma riwaya, njia anayo. Ukumbuke jambo hilo. Tutalirudia tutakapofika kwenye miongozo yetu.

Mifano tuliyo nayo bila kuitambua

Huenda ukauliza, haya ya Paris na London yanatuhusu nini sisi wa Tongaren na Kitale? Jibu ni kwamba tulikuwa nayo kabla ya Poe. Chukua Biblia wanayoitumia Wakatoliki, ufungue kitabu cha Danieli sura ya 14. (Wenzetu wa makanisa ya Kiprotestanti hawataikuta katika Biblia zao, maana imo miongoni mwa vitabu vya deuterokanoni.) Watu wa Babeli wanamwabudu mungu aitwaye Beli. Kila siku sanamu hiyo huandaliwa unga, kondoo 40 na divai, na kila asubuhi chakula kimekwisha. Mfalme anaamini kwamba Beli ni mungu aliye hai kwa kuwa anakula. Danieli anacheka. Yanafanywa mapatano: chakula kiwekwe, mlango ufungwe na kutiwa muhuri wa mfalme. Asubuhi muhuri u mzima, na chakula hakipo.

Hicho ni chumba kilichofungwa kwa kila kipimo. Na ufumbuzi wake ni wa kipelelezi kabisa. Danieli, makuhani wakiwa wamekwisha kutoka, aliamuru majivu yanyunyizwe sakafuni mbele ya mfalme peke yake. Asubuhi anamwonyesha mfalme nyayo: za wanaume, za wanawake na za watoto. Makuhani 70 pamoja na jamaa zao walikuwa na mlango wa siri chini ya meza.

Niliwahi kuwasimulia wanafunzi wa Kidato cha Pili kisa hiki nikakoma pale muhuri unapokutwa mzima, nikawauliza makuhani waliingia vipi. Jibu la kwanza lilitoka kwa mvulana wa Ndalu: "Walitoboa ukuta." Darasa lilicheka, lakini jibu hilo lina uzito wa kihakiki. Huku kwetu mwizi hahitaji ufunguo. Ukuta wa udongo hutobolewa kwa jembe, na bati hubanduliwa kwa nondo. Nyumba ya namna hiyo haiwezi kuwa chumba kilichofungwa kwa maana aliyoikusudia Carr, aliyeandika juu ya nyumba za matofali na vitasa vya chuma. Hivyo basi mwandishi wa kwetu anayetaka kufunga chumba hana budi kukifunga kwa kitu kingine, tena kilicho imara kuliko kufuli.

Mfano wa pili ni Fumo Liyongo. Tunamfundisha kila mwaka kama shujaa wa visakale, tukiorodhesha sifa zake na kuishia hapo. Hebu mtazame kwa jicho la askari wanaomlinda. Mfungwa amefungwa minyororo, mlango unalindwa, kila kinachoingia kinakaguliwa. Vipi basi atakuwa huru? Katika utenzi uliotungwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, mama yake anampelekea chakula kizuri pamoja na mkate wa wishwa. Askari wanakula kilicho kizuri na kuuacha wa wishwa upite, na ndani yake mna tupa. Kisha kuna ngoma ya gungu, ambayo kelele zake zinaufunika mlio wa tupa juu ya chuma. Vidokezo vyote viwili, mkate na ngoma, viko wazi mbele ya msikilizaji, lakini amevichukulia kuwa mapambo ya hadithi. Huo ndio ustadi tunaoutafuta. Mwanafunzi akiuona kwa Liyongo, atakuwa amejiandaa kuukuta katika riwaya.

Bwana Msa na kufuli la hofu

Sasa tuingie katika riwaya. Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alifanya kazi ya ukaguzi katika idara ya afya, kisha akawa mhariri wa magazeti, na kuanzia mwaka 1958 hadi alipostaafu mwaka 1968 aliliongoza jarida la wakulima lililoitwa Mkulima. Mswada wake wa Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957 na 1958, ukachapishwa Nairobi mwaka 1960. Baadaye zilifuata Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984). Mwandishi alifariki mwaka 1991.

Wahakiki wengi wamekwisha kueleza kwamba Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya hizi, ana asili yake kwa Sherlock Holmes: anavuta kiko, ana rafiki wa kuandamana naye aitwaye Najum, na polisi humtegemea. Hilo ni kweli, lakini likirudiwa peke yake huwa linamdhulumu mwandishi. Hutufanya tuone alichoazima tusione alichokileta.

Tazama majina ya riwaya mbili za mwanzo. Mwanafunzi wa bara akilisikia neno mzimu hufikiria kivuli cha mfu kinachotembea usiku. Mweleze kwamba Unguja mzimu ni mahali pia: pango, mti au magofu ambapo watu hupeleka sadaka na kutaka haja zao. Giningi nako, katika imani za Unguja, ndiko wanakokutania wachawi. Kwa hiyo riwaya zote mbili zimepewa majina ya mahali ambapo mtu wa kawaida hathubutu kwenda ovyo. Huu si ukwasi wa mandhari tu. Mwandishi amejenga chumba chake kilichofungwa, na kufuli lake ni hofu.

Katika Mzimu wa Watu wa Kale maiti ya Bwana Ali, mwenye shamba, inakutwa pale pale mzimuni. Hapana ukuta, hapana komeo, hapana ufunguo upande wa ndani. Hata hivyo mahali hapo pamefungwa barabara kuliko chumba cha Leroux, kwa sababu kila mtu anaamini kwamba anayeua mzimuni ni mzimu. Imani hiyo ndiyo inayomfanya muuaji asionekane. Hahitaji kupita dirishani. Anahitaji tu kuwaacha watu waseme wanachotaka kusema. Bwana Msa anapofika, kazi yake ya kwanza si kumtafuta mkosaji bali ni kulifungua kufuli hilo, yaani kuwafanya watu wakubali kwamba hapa pana swali la kuulizwa.

Ukitaka kuiona tofauti, mlinganishe na Poe. Kwa Poe watu waliosikia sauti chumbani wanadhani ni ya mtu wa taifa la kigeni, kila mmoja akitaja taifa lake, na mwisho tunagundua kwamba aliyeua hakuwa binadamu hata kidogo, alikuwa mnyama. Poe ametutoa kwa binadamu akatupeleka nje ya ubinadamu, ambako hapana hatia. Abdulla anakwenda kinyume chake. Anatutoa nje ya ubinadamu, kwenye mzimu usioweza kushtakiwa, akaturudisha kwa binadamu mwenye mikono, sababu na dhamana. Nakuachia wewe ukamjue mwenyewe. Sitaliharibu tamu la riwaya. Lakini kwa maoni yangu mwelekeo huo wa Abdulla ni mzito zaidi kimaadili kuliko wa Poe, na unastahili kuelezwa darasani kwa maneno hayo hayo.

Uzito wake hauko vitabuni tu. Mwezi Mei 2008 watu 11 waliodaiwa kuwa wachawi waliuawa kwa kuchomwa moto huko Kisii. Mwezi Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa vivyo hivyo Marani, katika kaunti hiyo hiyo. Sisi wa Bungoma na Trans Nzoia tusijione tuko mbali na hayo. Sehemu kubwa ya Tongaren ni mashamba ya walowezi yaliyogawanywa baada ya uhuru, watu wakaja kutoka kila upande wakawa majirani bila kujuana. Penye ugeni wa namna hiyo, jina hupachikwa upesi. Sidai kwamba riwaya ingezuia moto. Ninachodai ni kwamba kijana aliyezoea kuuliza "unajuaje?" akiwa na kitabu mkononi ana nafasi ya kuliuliza swali hilo hilo akiwa uani.

Si kila riwaya ya upelelezi ina chumba

Tuwe waangalifu tusichanganye mambo. Riwaya za Kiswahili za upelelezi ni nyingi na za namna mbalimbali. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965, Inspekta Wingo akafanya kazi yake katika jiji la Dar es Salaam. Elvis Musiba, aliyefariki mwaka 2010, alimleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona (1974), na jasusi huyo kazi yake inamfikisha hadi Nairobi. Ben Mtobwa, aliyefariki mwaka 2008, alimuumba Joram Kiango.

Kwa Musiba na Mtobwa, taharuki hujengwa zaidi na hatari: je, shujaa atapona? Kwa Abdulla hujengwa na kutojua: je, jambo hili liliwezekanaje? Taharuki ya kwanza humfanya msomaji apindue kurasa mbio. Ya pili humrudisha nyuma kurasa 20 kuhakikisha alichosoma. Zote mbili ni halali, ila kwa mwalimu anayetaka kufundisha usomaji wa makini, hiyo ya pili ndiyo yenye faida kubwa.

Isitoshe, muundo wa upelelezi hukuishia kwa wapelelezi. Wengi wetu tumeisoma au kuifundisha Siku Njema (1996) ya Ken Walibora, mwandishi wetu wa magharibi aliyefariki mwaka 2020. Kijana Kongowea anatoka Tanga hadi Kitale kumtafuta baba asiyemjua. Anauliza, anakisia, anakosea njia, anapata dokezo. Siri ya nasaba, ambayo ni mhimili wa riwaya za Abdulla, ndiyo inayoisukuma Siku Njema pia. Mwanafunzi anayedhani hajawahi kusoma riwaya yenye upelelezi, huenda amekwisha kusoma moja ambayo safari yake inaishia mjini kwao.

Kwa nini tumezisahau?

Sababu ya kwanza ni jina tulilozipa. Tuliziita fasihi pendwa, na kwa wengi wetu neno pendwa limekuwa na maana ya hafifu. Wanafunzi tuliwaambia wazisome likizoni, nasi tukaacha kuzisoma hata likizoni.

Sababu ya pili ni ya uchapishaji. East African Literature Bureau ilivunjika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, na kwa upande wa Kenya kazi zake zikarithiwa na Kenya Literature Bureau. East African Publishing House, iliyochapisha vitabu kadhaa vya Bwana Msa miaka ya sabini, haipo tena. Kitabu ambacho mchapishaji wake amekufa huishi kwa hisani ya masanduku ya wazee na mafungu ya vitabu vikuukuu kando ya barabara.

Sababu ya tatu ndiyo inayotuhusu sisi moja kwa moja: mtihani na miongozo. Kitabu kikishateuliwa, mwongozo wake hutoka upesi, tena si mmoja. Mwanafunzi anajifunza dhamira, wahusika na tamathali kabla ya kufungua sura ya kwanza, na wengine hawaifungui kabisa. Hali hii ni sawa na ya yule anayekimbilia nyuma ya orodha ya Adey kutazama majibu. Anajua muuaji, lakini hajui alivyojulikana. Katika riwaya iliyosahaulika njia hiyo ya mkato haipo. Kusahauliwa kwake, ambako ni hasara kwa mwandishi, kunageuka kuwa neema darasani.

Hili niliiona kwa bahati tu. Nakala yangu ya kwanza ya Mzimu wa Watu wa Kale niliinunua Kitale kwa muuza vitabu wa kando ya barabara. Haikuwa na jalada, na kurasa zake za mwisho zilikuwa zimeng'oka. Nilianza kulisomea darasa sura moja kila Ijumaa alasiri nikitumaini kupata nakala nzima kabla ya kufika mwisho. Sikuipata. Tulipoishiwa na kurasa ilibidi wanafunzi wenyewe waseme nani aliua na vipi, kwa sharti moja: kila dai liambatane na ukurasa. Aliyesema ni mzimu hakukatazwa, ila naye alitakiwa kuonyesha ukurasa. Kwa muda wa majuma mawili nakala ile iliyochakaa ilipita mikononi mwa watoto waliokuwa hawafungui kitabu teule ila kwa kulazimishwa. Msichana mmoja aliyekuwa hasemi darasani ndiye aliyegundua kwamba mhusika fulani amejibu swali ambalo hakuulizwa. Hatimaye nilipoazima nakala kamili, wengi walikuwa wamekosea jina, lakini hapakuwa na hata mmoja ambaye hakuweza kueleza kwa nini alifikiri hivyo. Ni mara chache mtihani umenipa matokeo yanayonifurahisha kama hayo.

Dosari za riwaya hizi

Uhakiki wa haki hauna budi kutaja dosari. Ya kwanza ni sadfa. Abdulla huzitegemea mno siri za nasaba: mtu anayedhaniwa hivi kumbe ni ndugu wa fulani. Msomaji anayepima riwaya kwa sifa ya nne tuliyoitaja hapo mwanzo, ile ya vidokezo vya kutosha, pengine ataona ameonewa. Usilifiche hilo. Waulize wanafunzi: je, mwandishi ametutendea haki? Tulikuwa na njia ya kujua?

Ya pili ni ukimya wa kijamii. Mzimu wa Watu wa Kale ilitoka wakati Unguja ingali chini ya Waingereza, ikiwa na mabwana wa mashamba na watu wanaowafanyia kazi. Bwana Msa analifungua kufuli la mzimu, lakini halisogelei kufuli la umilikaji. Anauliza nani amemuua mwenye shamba, haulizi shamba lilipatikanaje. Kwa wanafunzi wa Tongaren, ambao babu zao walipata ardhi iliyokuwa ya walowezi, pengo hilo linaonekana upesi kuliko unavyodhani, na linaleta mjadala mzuri wa itikadi ya mwandishi.

Ya tatu si dosari bali ni ugumu, nao ni Kiswahili chake cha Unguja. Msamiati wa nyumba, mavazi na mazungumzo ya baraza utawasumbua wanafunzi wa bara. Usiutafsiri wote. Mpe kila mwanafunzi maneno matatu ayatafute kwenye kamusi, kwa kuwa katika riwaya ya namna hii huenda neno lisiloeleweka ndilo lililobeba kidokezo.

Namna ya kuzitumia darasani

Si lazima uwe na nakala 40. Nakala moja inatosha ukifuata hatua hizi. Anza na Danieli au Liyongo ili darasa lielewe kitendawili chenyewe. Soma sura ya kwanza ya riwaya kwa sauti, kisha ukome pale tukio lisiloelezeka linapotokea. Wagawe wanafunzi katika makundi, kila kundi liwe na daftari lenye safu tatu: tulichoambiwa, aliyetuambia, na kama alikuwa mahali pa kujua. Safu hiyo ya tatu ndiyo muhimu. Humo mwanafunzi hujifunza, bila wewe kutaja istilahi, tofauti kati ya msimulizi na mhusika, kati ya tetesi na ushahidi. Ukimaliza, rudi kwenye kitabu teule na daftari lile lile, uone wanavyoanza kumshuku msimulizi waliyekuwa wakimwamini kwa kila neno.

Unaweza pia kuwapa kazi ya insha: watunge kisa cha chumba kilichofungwa katika mazingira yao. Waonye mapema kwamba ukuta wa udongo hutobolewa. Watajikuta wanajiuliza ni kitu gani hasa kinachowazuia watu wa kijijini mwao kuingia mahali fulani, na hapo watakuwa wanaandika juu ya jamii yao kwa ukweli zaidi kuliko katika insha nyingi za methali tunazowapa.

Hitimisho

Tumeeleza kwamba kisa cha chumba kilichofungwa si kigeni kwetu, kwamba Muhammed Said Abdulla alikifunga chumba chake kwa hofu badala ya chuma, na kwamba riwaya zake zimesahaulika kwa sababu ambazo sisi walimu tunahusika nazo. Yatafute maboksi yaliyo chini ya rafu katika stoo ya shule yako. Waulize wazee waliosoma miaka ya sitini na sabini. Ukipita Kitale au Bungoma mjini, inama mbele ya yale mafungu ya vitabu barabarani. Ukikuta kitabu chembamba chenye jina la Bwana Msa, kinunue hata kama kimeng'oka mwisho wake.

Turudi sasa kwenye ile nyumba ya Naitiri. Mlango umevunjwa, maiti iko sakafuni, watu wamejaa uani na jina la ajuza limeanza kunong'onwa. Miongoni mwao yuko kijana mmoja uliyemfundisha. Anachutama, anatazama sakafu, kisha anamgeukia aliyetaja jina na kumuuliza kwa adabu: "Samahani, mzee, umejuaje?"